Mtoto Akililia Usukani

Kuna methali ambayo kila mzazi anaijua: Mtoto akililia wembe, mpe. Wazee walikuwa na maana yao. Mtoto akichezea wembe atajikata kidole. Damu itatoka, atalia, kisha kidonda kitapona. Tangu siku hiyo hataushika tena wembe ovyo. Wembe wenyewe umemfundisha.

Lakini siku hizi watoto wetu hawalilii wembe. Wanalilia pikipiki. Wanalilia trekta na gari. Je, methali ile inafaa hapo pia?

Katika somo hili tutazungumza juu ya vijana na vyombo vya moto. Tutaona sheria inasema nini juu ya leseni na umri. Tutaona kwa nini inasema hivyo. Kisha tutaona sisi wazazi tunaweza kufanya nini.

Mfano wa mzee mmoja

Tuchukue mfano. Mzee mmoja ana pikipiki. Aliinunua baada ya kuuza mpunga wa misimu miwili. Ana mtoto wa kiume mwenye miaka 14.

Mtoto huyo alianza kwa kuiosha pikipiki. Baadaye akaruhusiwa kuizungusha uwanjani. Baada ya majuma mawili alikuwa anaiendesha mpaka kisimani na kurudi. Majirani wakamsifu. Walisema, "Mtoto huyu anajua kuendesha kuliko baba yake!" Mzee alicheka, akafurahi.

Siku moja mzee alishikwa na homa. Nyumbani unga ulikuwa umekwisha. Mahindi yalikuwapo, lakini mashine ya kusaga iko umbali wa kilometa 6. Njia ya kwenda huko huingia kwenye barabara kuu ya lami, ambako hupita mabasi na malori.

Mtoto akasema, "Baba, nipe ufunguo. Nitakwenda na kurudi mara moja."

Mama yake akasema, "Baba watoto, huyu bado mdogo."

Mtoto akajibu, "Mama, mimi najua kuendesha. Kila mtu anasema."

Macho yake yalikuwa yanalengalenga machozi. Mzee alinyamaza akafikiri. Ndugu msomaji, ungekuwa wewe, ungemjibu nini? Tumwache mzee kidogo aendelee kufikiri, nasi tutazame mambo yanayohusu jibu lake.

Sheria inasema nini

Barabara za Tanzania zina sheria yake. Inaitwa Sheria ya Usalama Barabarani, na ilitungwa mwaka 1973. Tangu wakati huo imerekebishwa mara kadhaa. Mambo makubwa ambayo kila mwanakijiji anapaswa kuyajua ni haya:

Kwanza, mtu haruhusiwi kuendesha chombo cha moto barabarani bila leseni. Haidhuru ni gari, bajaji au pikipiki. Haidhuru ni barabara ya lami au ya vumbi.

Pili, kuna umri. Leseni ya gari hupewa mtu aliyetimiza miaka 18. Dereva wa pikipiki ya abiria, yaani bodaboda, naye anatakiwa awe ametimiza miaka 18. Kwa majirani zetu wa Kenya na Uganda, umri wa kupata leseni ya gari ni huo huo. Mtoto wa miaka 14 hana leseni, wala hawezi kupewa.

Tatu, leseni zina madaraja, na kila daraja lina herufi yake. Herufi A ni ya pikipiki. Herufi C ni ya magari ya abiria. Herufi H ni ya mtu anayejifunza. Kwa hiyo mwenye leseni ya pikipiki haruhusiwi kuendesha basi. Wewe sasa unajua kusoma. Unaweza kuitazama leseni ya dereva na kuona mwenyewe herufi zilizoandikwa.

Nne, anayejifunza hajifunzi peke yake. Hupata leseni ya kujifunza na kufundishwa na mwalimu. Gari lake huwekwa kibao chenye herufi L, ili wengine wajue kuwa dereva bado ni mwanafunzi. Akisha kujua, hupimwa na polisi wa usalama barabarani. Akifaulu, leseni yake hutolewa na Mamlaka ya Mapato.

Tano, mwenye chombo naye ana wajibu. Ukimruhusu mtu asiye na leseni kuendesha chombo chako, wewe pia umevunja sheria. Tena bima nyingi husema wazi kwamba dereva awe na leseni. Ajali ikitokea mikononi mwa mtoto, mzazi anaweza kujikuta analipa gharama zote mwenyewe. Shamba linaweza kuuzwa. Ng'ombe wanaweza kuuzwa. Na hapo hatujasema juu ya uhai wa mtu.

Kuendesha si kuijua barabara

Wengine watasema, "Kwa nini wasubiri miaka? Mtoto wangu ana nguvu, miguu inafika chini, na gia anazijua zote."

Ni kweli, mtoto hujifunza upesi kuwasha pikipiki, kubadilisha gia na kukata kona. Lakini huko ni kukiendesha chombo tu. Kuijua barabara ni jambo jingine.

Ndugu msomaji, wewe uliyejifunza kusoma ukubwani unalielewa jambo hili kuliko watu wengi. Kumbuka siku zako za kwanza darasani. Ulitazama herufi moja moja. Ulipofika mwisho wa neno, ulikuwa umekwisha kusahau mwanzo wake. Kidole chako hakikutoka kwenye mstari. Leo unaliona neno zima mara moja, na jicho lako limekwisha kutangulia kwenye neno linalofuata.

Dereva naye ni hivyo. Dereva mgeni hutazama karibu, mbele ya tairi lake. Akili yake yote iko kwenye gia, breki na shimo lililo mbele yake. Dereva mzoefu hutazama mbali. Anaona mpira unavuka barabara, na papo hapo anajua kuwa nyuma ya mpira kuna mtoto. Anaona basi limesimama, na anajua kuwa mtu anaweza kutokea mbele ya basi hilo. Anaona mbuzi mmoja upande wa kulia, na anajua kuwa wenzake watamfuata. Anaisoma barabara kama wewe unavyousoma ukurasa huu.

Kusoma huko hakununuliwi dukani. Huja kwa mazoezi na kwa muda. Ndiyo maana dereva huwa katika hatari kubwa zaidi katika miezi yake ya kwanza ya kuendesha peke yake.

Na kwa kijana kuna jambo la zaidi. Wataalamu wa afya wanaeleza kwamba sehemu ya ubongo inayopima hatari na kuzuia pupa huchelewa kukomaa. Huendelea kukua hata baada ya mtu kutimiza miaka 20. Kwa hiyo kijana anaweza kuwa na mkono wa mtu mzima, na macho makali kuliko ya baba yake, lakini hukumu yake bado inakua. Hilo si kosa lake. Ndivyo mwanadamu anavyokua.

Hesabu ya mwendo

Sasa tufanye hesabu ndogo. Chukua kalamu na karatasi.

Pikipiki inakwenda mwendo wa kilometa 36 kwa saa. Kilometa 36 ni sawa na meta 36,000. Saa moja ina sekunde 3,600. Gawanya 36,000 kwa 3,600. Jibu ni 10. Maana yake, kila sekunde moja pikipiki inakwenda meta 10.

Mtoto mdogo anakatiza barabara. Dereva anamwona. Tangu jicho lione mpaka mguu au mkono ukamate breki, hupita kama sekunde moja. Katika sekunde hiyo pikipiki imekwenda meta 10 bila kupunguza mwendo hata kidogo. Kisha breki zinakamata. Kwenye lami kavu, na breki zikiwa nzima, itakwenda kama meta 7 zaidi ndipo isimame. Jumla ni meta 17. Ni kama kutoka mstari wa goli mpaka mwisho wa eneo la penalti katika uwanja wa mpira.

Sasa dereva ameongeza mwendo mara mbili. Anakwenda kilometa 72 kwa saa, yaani meta 20 kwa sekunde. Watu wengi hudhani kwamba atahitaji nafasi mara mbili tu ili asimame. Sivyo. Kabla ya kukamata breki amekwisha kwenda meta 20. Na breki zikikamata, atakwenda kama meta 28 zaidi. Hizo 28 ni mara nne ya zile 7. Jumla ni meta 48. Hiyo ni karibu nusu ya uwanja wa mpira!

Kumbuka kanuni hii: ukiongeza mwendo mara mbili, breki zitahitaji nafasi mara nne. Kwenye changarawe, kwenye matope au lami yenye maji, nafasi huwa ndefu zaidi. Ndiyo sababu sheria imeweka mwendo usiozidi kilometa 50 kwa saa katika maeneo ya makazi ya watu.

Kijana wa miaka 14 hajui hesabu hii. Anajua tu kwamba upepo unampiga usoni, na wenzake wanamtazama.

Wenzetu walifanya nini

Tatizo hili si la kwetu peke yetu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2021 watu wapatao 1,190,000 walikufa duniani kwa ajali za barabarani. Kwa watu wa umri wa miaka 5 mpaka 29, ajali hizo ndizo zinazoua wengi kuliko ugonjwa wowote. Yaani zinawaua watoto wa shule, vijana, na wazazi wenye watoto wachanga.

Nchi moja iliyotafuta dawa mapema ni New Zealand. Hiyo ni nchi ya visiwa, iko mbali katika bahari ya Pasifiki. Huko vijana waliruhusiwa kuendesha wakiwa na miaka 15, na wengi walikuwa wanakufa barabarani. Mwaka 1987 nchi hiyo ilianza utaratibu wa kutoa leseni kwa ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza ni ya mwanafunzi. Haendeshi gari peke yake. Lazima pembeni yake akae dereva mwenye uzoefu.

Ngazi ya pili ni leseni yenye masharti. Kijana anaweza kuendesha peke yake, lakini si saa zote. Kuanzia saa 4 usiku mpaka saa 11 alfajiri haruhusiwi kuendesha bila dereva mzoefu pembeni yake. Wala haruhusiwi kupakia rafiki zake apendavyo.

Ngazi ya tatu ni leseni kamili. Hiyo huja baada ya kijana kukaa katika ngazi ya pili bila kuruka.

Kwa nini walichagua usiku na abiria? Kwa sababu waliona kwamba hapo ndipo vijana wanapokufa. Usiku macho hayaoni mbali na mwili umechoka. Na kijana akiwa na rafiki zake, hutaka kuwaonyesha ushujaa. Ajali za vijana zikapungua. Nchi nyingine zikaiga, pamoja na Kanada na majimbo ya Marekani. Mwaka 2011 New Zealand yenyewe iliona kuwa hata miaka 15 ni michache mno. Ikapandisha umri wa kuanza kujifunza mpaka miaka 16.

Barabara za kwao si kama zetu, na wao huendesha magari zaidi kuliko pikipiki. Lakini funzo ni moja: kijana asipewe barabara yote siku moja. Apewe kidogo kidogo. Hata sisi darasani hatukuanza na gazeti. Tulianza na herufi, tukaja kwenye maneno, ndipo tukafika kwenye habari.

Ngazi za kijijini kwetu

Sheria yetu inamtaka kijana afikishe umri, ajifunze, na apimwe. Lakini leseni ikisha kutoka, mzazi hana haja ya kusema, "Sasa nenda popote." Mzazi anaweza kuweka ngazi zake mwenyewe. Huu ni ushauri tu, lakini ni ushauri unaoweza kuokoa maisha.

1. Kabla ya umri. Mfundishe kijana kazi za chombo bila kumpa barabara. Aoshe pikipiki, asafishe plagi, akaze mnyororo, atazame oili na upepo wa matairi. Ajifunze alama za barabarani. Aendeshe baiskeli kwa kufuata sheria, upande wa kushoto wa barabara. Aliyezoea adabu kwenye baiskeli ataihamishia kwenye pikipiki.

2. Akitimiza umri. Apelekwe kwenye chuo cha udereva, ajifunze, apimwe. Ada ya chuo ni fedha nyingi kwa mkulima. Lakini mfupa mmoja wa paja uliovunjika utakula fedha nyingi kuliko ada hiyo, na miezi mingi ya kazi.

3. Miezi ya kwanza. Aendeshe mchana tu, katika njia anazozijua, bila abiria.

4. Miezi inayofuata. Abebe abiria mmoja, kwa safari fupi. Asipakie mishikaki. Pikipiki yenye watu watatu au wanne haisimami upesi wala haikati kona vizuri.

5. Mwisho. Ndipo aende barabara kuu, na ndipo aendeshe usiku. Usiku barabara zetu zina mikokoteni isiyo na taa, baiskeli zisizo na taa, na ng'ombe waliolala njiani. Hapo panataka mtu aliyekwisha kuisoma barabara.

Katika ngazi zote hizo, kofia ngumu, yaani helmeti, isikose. Ivaliwe kichwani na kamba yake ifungwe kidevuni. Kofia iliyoning'inizwa kwenye usukani hailindi kichwa cha mtu. Uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali unaonyesha hivi: kati ya wapanda pikipiki 10 ambao wangekufa ajalini bila kofia, kama 4 wangepona kwa kuivaa. Majeraha ya kichwa hupungua kwa kadiri ya theluthi mbili. Abiria naye ana kichwa. Avae kofia pia.

Mzee alijibu nini

Sasa turudi kwa mzee wetu. Tulimwacha kitandani na homa yake. Mtoto anasubiri ufunguo.

Mzee alifikiri juu ya barabara ya lami na malori yake. Akafikiri juu ya gunia la mahindi nyuma ya pikipiki, na mikono ya mtoto wa miaka 14 kwenye usukani. Akasema, "Hapana, mwanangu."

Mtoto akalia. Akasema, "Baba, huniamini."

Mzee akamwambia, "Nakuamini. Lakini dereva wa lori hakujui. Mashimo hayakujui. Heri ulie wewe leo, kuliko nilie mimi kesho."

Usiku ule walikula viazi. Asubuhi jirani mwenye leseni aliyapeleka mahindi mashineni, na mama akampa madumu mawili ya mafuta ya taa, ambayo jirani aliyakataa, akachukua kibaba cha unga tu. Mzee alipopona alimwita mtoto wake. Akampa kazi ya kuitunza pikipiki, na akaanza kuweka akiba ya ada ya chuo cha udereva. Akamwambia, "Imebaki miaka minne. Nitakapokupa ufunguo huu, sitakunyang'anya tena."

Basi methali yetu tuitumie mahali pake. Wembe humkata mtoto aliyeushika, tena kidole tu. Pikipiki haimkati aliyeishika peke yake. Humkata na mama anayetoka kisimani, na mwanafunzi anayekwenda shule, na abiria aliyepanda nyuma. Na kidonda chake mara nyingi hakiponi.

Mtoto akililia wembe, mpe. Akililia usukani, mfundishe kusubiri.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Leseni ya gari hupewa mtu wa umri gani katika Tanzania?
2. Eleza tofauti kati ya kuendesha chombo na kuijua barabara.
3. Pikipiki inakwenda kilometa 54 kwa saa. Inakwenda meta ngapi kila sekunde? Fanya hesabu kama tulivyofanya katika somo.
4. Taja ngazi tatu za leseni katika New Zealand. Kwa nini ngazi ya pili inakataza kuendesha peke yako usiku?
5. Je, katika kijiji chenu kuna watoto wanaoendesha pikipiki? Wanatumwa na nani, na kwa kazi gani? Kazi hizo zinaweza kufanywa kwa njia gani nyingine?
6. Ungekuwa wewe mzee yule, ungemwambia nini mtoto wako? Andika jibu lako kwa sentensi tatu.